Msiushushe Mkono wa Mzee: Barua ya Wazi Kuhusu Saluti ya Wastaafu

Kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
Kwa wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya.

Waheshimiwa, mlionizidi umri shikamooni, na wengine wote kamwene. Kwako Jenerali, nasema kama nilivyofundishwa: jambo afande.

Naandika kutoka Mafinga. Niliingia JKT hapa hapa mwaka 1977, nikachukuliwa jeshini mwaka uliofuata, na Januari 1979, kwenye vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, nilivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda nikiwa na miaka 20. Baada ya vita nilikuwa mwalimu wa kwata, yaani mazoezi ya gwaride, kwa miaka mingi, na nilistaafu nikiwa sajini. Sina chama kilichonituma. Barua hii ni yangu, na jambo lenyewe ni moja tu: saluti ya mstaafu aliyevaa kiraia.

Mwaka mmoja wa karibuni, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tulikusanyika kwenye uwanja wa wilaya moja ya nyanda hizi. Wilaya yenyewe siitaji. Mnaijua baridi ya Julai ya huku. Ukungu ulikuwa haujainuka, watu wamejifunika vitenge na mablanketi, na wazee tumepangwa mstari wa nyuma ya viti vya plastiki, kila mmoja na koti lake. Kulia kwangu alisimama mzee ninayemwita kaka, maana amenizidi miaka sita. Hakuwahi kuwa askari wa kuajiriwa. Alikwenda vitani akiwa mgambo, alitolewa kijijini kwake na jembe likiwa bado shambani, akarudi mwaka 1979 akaliokota.

Wimbo wa taifa ulipoanza, alivua kofia yake ya sufu kwa mkono wa kushoto, akaibana kifuani. Kisha mkono wa kulia ukapanda. Mkono ule una vidole vitatu. Kile kidogo na kinachokifuata vilikwenda na msumeno kwenye mashine ya mbao, miaka mingi baada ya vita. Kidole cha kati kilifika kwenye nyusi, kiwiko kikakaa sawa na bega, na mzee akatulia kama mti. Mimi nimefundisha makuruta mamia, na ninajua mkono uliopigwa kwa mazoea na mkono uliopigwa kwa moyo.

Akaja kijana mwenye beji ya kamati. Alipita nyuma ya viti kwa haraka, akamshika kiwiko. "Mzee, shusha mkono. Saluti ni ya askari, wewe umevaa kiraia." Akauvuta chini. Ubeti wa pili ulikuwa haujaisha.

Kaka yangu hakujibu. Alivaa kofia, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, na hotuba zilipoanza akatoka kwa miguu kurudi kijijini kwake. Ni kilomita tisa.

Na kijana yule sina ugomvi naye. Alilolisema ndilo nililokuwa nalisema mimi uwanjani, kwa sauti kubwa kuliko yake: hakuna kofia, hakuna saluti. Saluti ya kwata ina mahali inapoanzia na mahali inapofika. Mkono unatoka kwenye mshono wa suruali, unapanda mpaka ukingo wa kofia. Kofia isipokuwepo, mkono hauna pa kufika. Askari aliye kiraia akikutana na afande wake anabana mikono, anakaza magoti, anasema "jambo afande", basi. Heshima imefika bila mkono kupanda. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo nilivyofunza, na kwa askari aliye kazini sina sababu ya kutaka kubadilisha hata nukta.

Kuna jambo la kofia ambalo lilinikaa kichwani tangu siku ile. Raia anatoa heshima kwa kuvua kofia. Askari anatoa heshima akiwa ameivaa, na mkono unaifuata. Mzee wangu alifanya yote mawili kwa pamoja: aliivua kama raia, akapiga saluti kama askari. Mwalimu wa kwata angeona makosa mawili. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilijiuliza: mtu aliyekuwa askari na sasa ni raia afanye nini kingine? Yeye ni vyote viwili. Mwili wake ulisema ukweli wake wote kwa mara moja, na sisi tukaushusha.

Tena wakati tunavuka mto Kagera hatukuulizana nani ni askari na nani ni mgambo. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa kuhusu uwezo, sababu na nia, na siku iliyofuata daraja la Kyaka likabomolewa. Jeshi lililokuwepo lilikuwa dogo kwa kazi ile. Waliitwa mgambo, wakaitwa vijana wa JKT, polisi, askari magereza. Vijiji vya Iringa na Mbeya vilitoa watu. Tulikwenda nao Masaka mwezi wa Februari, tukawa nao kwenye maji ya Lukaya mwezi wa Machi, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 walikuwemo. Waliporudi walikabidhi kila kitu boharini: kombati, buti, mkanda, bunduki, mpaka kijiko. Wengine hawana hata karatasi. Kilichobaki kwao kutoka vitani ni namna ya kusimama na namna ya kupiga saluti.

Najua hofu iliyoko ofisini kwenu, na ni ya haki. Agosti 2023 jeshi liliwapa raia siku saba kurudisha sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi. Niliiunga mkono amri ile na ninaiunga mkono leo. Wapo matapeli wanaovaa kombati na kujiita maafande ili wale fedha za watu. Wapo wanaokunjua kifua stendi ili wasilipe nauli. Sare ni mali ya jeshi, na anayeivaa bila haki anawaibia waliokufa nayo. Lakini fikirini, waheshimiwa: amri ile ndiyo inayotufanya sisi wastaafu tuwe kiraia daima. Hatuwezi kuvaa, na hatutaki kuvaa. Ukisema basi saluti ni ya mwenye sare tu, umesema kwamba mtu aliyetumikia miaka 20 hataipigia bendera saluti tena mpaka afe. Sidhani kama yeyote kati yenu alikusudia hivyo.

Wenzetu wamelipitia jambo hili. Uingereza, ambako kanuni ya kofia imeshika sana, bado wanasema bila kofia hakuna saluti ya mkono. Mwezi wa Novemba wazee wao wanapita mbele ya mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, pale London, wakiwa na makoti na nishani, wanageuza shingo kwa amri, na wenye kofia za kiraia wanazivua. Wameridhika hivyo. Marekani walikwenda njia nyingine. Huko desturi ya raia ni mkono juu ya moyo, na mstaafu naye alihesabiwa humo. Mwaka 2008 Bunge lao lilibadilisha sheria ya bendera: mstaafu, na hata askari wa sasa asiyevaa sare, anaweza kupiga saluti bendera inapopandishwa, inaposhushwa au inapopita. Mwaka huo huo wakaongeza na wakati wa wimbo wa taifa. Lipimeni lile neno "anaweza". Hawakumlazimisha mtu. Anayetaka kuweka mkono moyoni aweke, na anayetaka kupiga saluti asiguswe.

Sisemi tuige Marekani kwa kuwa ni Marekani. Sisi tuna ya kwetu. Kwenye sherehe ya kitaifa ya Mashujaa, Amiri Jeshi Mkuu anaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale. Kisha anakuja mzee kwa niaba ya wastaafu, naye anaweka shoka. Taifa limemwamini mstaafu ashike silaha mbele ya wafu wetu wote, mbele ya jeshi lililopanga gwaride. Kama anaaminiwa na shoka, ataaminiwa na mkono wake mtupu.

Halafu kuna Lugalo. Ukitoka Iringa mjini kwenda Morogoro unapita mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walikilaza kikosi cha Wajerumani na kamanda wake, Zelewski. Jeshi letu likachukua jina hilo na kulipa kambi kubwa Dar es Salaam. Wahehe wale walikuwa na ngozi na kaniki na mikuki, hawakuwa na sare ya vifungo vya shaba. Sisi hapa Iringa tunapoambiwa kwamba heshima ya askari ipo kwenye nguo, tunakumbuka babu zetu walivyovaa.

Sasa nieleze lililonifanya niandike, maana kama lingekuwa la uwanjani tu huenda ningenyamaza.

Miaka michache kabla ya tukio lile, tulimzika mwenzetu kijijini, mbele ya Njombe kuelekea Makete. Nilikuwa naye Lukaya. Kwa usiku mmoja na siku moja tulilala kwenye maji ya kinamasi, yeye ameshika mkanda wangu kwa nyuma ili tusipotezane gizani. Alistaafu mapema kwa ajili ya mguu, akalima viazi. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Njombe isiyo na haraka, barabara imekuwa utelezi, na watu wa kikosini hawakuweza kufika. Wastaafu tulikuwa watano. Watatu walivaa mabuti ya mpira, mmoja alikuwa na mwavuli wa mjukuu wake. Jeneza liliposhushwa, mdogo wetu kuliko wote, koplo wa zamani, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Afande, tupige?"

Aliniuliza mimi kwa sababu ndiye nilikuwa mwalimu wa kwata. Nikatazama vichwa vyetu: kofia ya sufu, kipara, kofia ya chama, kipara, mwavuli. Nikasema, "Mguu sawa tu." Tukasimama mguu sawa. Mikono ilibaki kwenye mishono ya suruali zilizolowa, na udongo ukaingia.

Mjane wake aliniuliza jioni, tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi jikoni, mbona hatukumpigia saluti. Alisema marehemu alikuwa akiwaambia wajukuu: siku nikifa, watakuja wenzangu watanipigia saluti, mtaona. Nilimweleza kanuni ya kofia. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongeza chai, hakusema kitu. Mpaka leo ninaiona ile chai.

Kanuni niliyoisimamia siku ile iliwekwa ili askari walio hai waheshimiane kwa mpangilio, na ni nzuri kwa kazi hiyo. Askari hampigii saluti mtu kwa sura yake. Anapigia kamisheni, ambayo ni mamlaka ya Amiri Jeshi Mkuu yaliyowekwa begani mwa ofisa. Ndiyo maana mimi sajini sikupigiwa saluti siku hata moja na sikuona vibaya. Na ndiyo maana ukivua sare unatoka kwenye mpangilio ule: huna wa kumpigia, na hakuna wa kukupigia. Hapo nakubali kabisa. Lakini bendera haiko kwenye mpangilio wa vyeo. Wala marehemu hayuko. Tuliapa mbele ya ile bendera, na wenzetu waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya kule Muleba, na wale wa Naliendele kule Mtwara, walifunikwa nayo. Hakuna siku tuliyoambiwa kwamba kiapo kile kimekabidhiwa boharini pamoja na buti.

Kwa hiyo ninaloomba ni waraka mfupi, wa ukurasa mmoja, usomwe kwenye kila kamati ya maandalizi kuanzia mkoa hadi kata. Ningeandika mimi, ungesema hivi: mwanajeshi mstaafu, na mwananchi aliyepigana chini ya jeshi wakati wa vita, akiwa katika mavazi ya kiraia, anaweza kupiga saluti bendera ya Taifa inapopandishwa, inaposhushwa au inapopita, wimbo wa Taifa unapopigwa, na mbele ya kaburi au mnara wa mashujaa. Kama amevaa kofia ya kiraia aivue kwanza. Nishani, aliye nazo, azivae kifuani kushoto.

Na waraka huo huo uweke mpaka. Mstaafu asimpigie saluti mtu. Asimpigie waziri, asimpigie mkuu wa wilaya jukwaani, asimpigie askari getini. Ninasema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona wenzangu wanaokakamaa mbele ya kila mwenye gari la serikali ili wapewe kiti cha mbele au soda. Saluti ya namna hiyo inatushushia hadhi sote, na anayeipokea naye anajua imetoka wapi. Ikatazwe.

Mtaniuliza tutamjuaje aliyepigana kweli, hasa mgambo asiye na karatasi. Vijijini tunajuana. Mtendaji anajua, mchungaji anajua, shehe anajua, wazee waliobaki wanajua nani alipanda lori mwaka ule na nani hakupanda. Na hata akitokea mmoja asiyestahili akapiga saluti mbele ya bendera, amepata nini? Hakuna posho inayotoka kwenye mkono uliopanda. Mimi naona ni heri apite huyo mmoja kuliko kumshika kiwiko mzee wa haki.

Msidhani pia kwamba ni jambo la sisi wa Kagera tu, ambalo litajimaliza lenyewe tukizikwa. Vijana wetu wamekwenda kulinda amani Darfur, wamekwenda Kongo. Walipouawa wenzao kule Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, waliobaki walirudi nyumbani na mambo ambayo sisi tunayajua na wake zao hawayajui. Nao watastaafu. Nao watasimama siku moja kwenye uwanja wa Samora pale Iringa, au Sokoine pale Mbeya, wakiwa na mashati ya kawaida, wimbo utaanza na mkono utataka kupanda.

Ila kwa sisi wa mwanzo muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 18 siku Kampala ilipoanguka alizaliwa mwaka 1960 au 1961. Kaka yangu alizaliwa 1952. Ningependa waraka ufike kabla ya tarehe 25 Julai ijayo, na mshereheshaji aagizwe kusema maneno machache kabla ya wimbo: wastaafu, mnaruhusiwa kutoa heshima kwa saluti. Sentensi hiyo moja ingetosha kumzuia kijana mwenye beji.

Kwenye ofisi ya kata ya kwetu bendera inashushwa saa 12 jioni. Filimbi inapigwa, bodaboda zinazima injini, mama wa mahindi anaacha kupepea mkaa, watoto wanasimama na madumu yao ya maji. Kaka yangu hupita hapo akitoka shambani. Zamani, filimbi ikilia, aliweka jembe chini na mkono ulipanda. Watu wa pale walishamzoea na hakuna aliyemcheka. Tangu siku ile ya uwanjani anasimama mikono pembeni kama wengine. Nilimkuta wiki iliyopita. Ule mkono wenye vidole vitatu ulikuwa umeshika mshono wa suruali, umeubana, unatetemeka kidogo. Filimbi ya pili ilipolia akaokota jembe, akanisalimia, akaniuliza kama nimeshawaandikia.

Nimemwambia leo naituma.

Wenu katika utumishi,
Sajini mstaafu,
Mafinga, Mufindi.